Kelele na sauti: kwa nini tunapaza sauti bila kujua, na namna ya kueleweka bila kuumiza koo

Mvua kubwa ikianza kupiga bati, watu walio ndani ya nyumba hubadilisha namna yao ya kusema papo hapo. Sauti zinapanda, maneno yanavutwa, mikono inaanza kusaidia mdomo. Mvua ikikatika, sauti zinashuka zenyewe. Hakuna aliyetoa amri, na ukiwauliza, wengi hawatakumbuka kwamba walikuwa wakisema kwa nguvu.

Jambo hilo hutokea kila siku: kwenye mashine ya kusaga, mnadani, ndani ya basi, juu ya bodaboda na tunapoongea na simu kando ya barabara. Mara nyingi linatusaidia. Lakini uwezo wake una mipaka, na mipaka hiyo ina gharama. Kipimo cha dawa kinasikika vibaya. Pesa zinatumwa kwa namba ya mtu mwingine. Koo la mwalimu linakauka kabla muhula haujaisha. Masikio ya mwendesha mashine yanapungua nguvu kidogokidogo bila yeye kugundua.

Katika makala hii tunaeleza kinachotokea mtu anaposema penye kelele, kwa nini kupaza sauti peke yake hakutoshi, na nini cha kufanya ili neno lifike kama lilivyotoka.

Daktari aliyefichua siri ya sauti

Aliyelieleza jambo hili kitaalamu kwa mara ya kwanza alikuwa Étienne Lombard, daktari Mfaransa wa masikio, pua na koo aliyefanya kazi jijini Paris. Mwaka 1909 alikuwa akitumia kidude kidogo cha kutoa kelele ndani ya sikio la mgonjwa. Mgonjwa alipokuwa akizungumza au kusoma, kidude kikawashwa, sauti yake ilipanda. Kilipozimwa, ilishuka. Mgonjwa mwenyewe hakujua kwamba sauti yake ilikuwa ikipanda na kushuka. Lombard alichapisha maelezo yake mwaka 1911.

Daktari huyo aliona faida ya haraka. Wakati ule, kama sasa, walikuwapo watu waliojifanya viziwi ili walipwe fidia au waepuke wajibu fulani. Kiziwi wa kweli haisikii kelele ya kidude, kwa hiyo sauti yake haibadiliki. Anayejifanya huisikia, na sauti yake hupanda bila yeye kutaka. Sauti yake mwenyewe inamtolea ushahidi.

Mpaka leo wataalamu huliita jambo hili athari ya Lombard. Tunaliita athari kwa sababu si uamuzi. Mwaka 1989 watafiti wa Marekani walichapisha majaribio ambayo watu waliambiwa waziwazi: kelele itawashwa, nanyi msipaze sauti. Walishindwa. Walifaulu pale tu walipoonyeshwa kipimo kilichowawezesha kuiona sauti yao kwa macho.

Kwa nini ni vigumu hivyo? Mtu anaposema, masikio yake husikiliza sauti yake mwenyewe na kuipelekea ubongo taarifa: inatosha, haitoshi. Kelele inapoifunika sauti hiyo, ubongo hupokea taarifa kwamba haitoshi na kuongeza nguvu. Sababu ya pili ni kwamba tunataka kueleweka. Mtu anayezungumza na mwenzake penye kelele hupaza sauti zaidi kuliko anayesoma peke yake kwenye kelele ileile.

Hata wanyama wanalo. Mwaka 2003 watafiti walieleza kwamba ndege wadogo wa mji wa Leiden, Uholanzi, huimba kwa sauti nyembamba zaidi pale penye kelele nyingi, kwa sababu mngurumo wa magari ni mzito na sauti nyembamba hupenya juu yake. Mwaka uliofuata, utafiti wa jijini Berlin, Ujerumani, ulionyesha kwamba ndege maarufu kwa kuimba usiku huimba kwa nguvu zaidi katika maeneo yenye magari mengi. Nyangumi nao hubadilisha milio yao kwenye maji yenye kelele za meli.

Nini hubadilika katika usemi

Wengi wetu tunafikiri kinachoongezeka ni ukubwa wa sauti tu. Kwa kweli mambo kadhaa hubadilika kwa pamoja.

Sauti huwa kubwa na pia huwa nyembamba zaidi, kwa sababu nyuzi za sauti kooni hukazwa na kutikisika haraka zaidi. Irabu huvutwa: mtu anayeita "mama" kutoka ng'ambo ya mto huzirefusha a zote mbili. Mdomo hufunguka zaidi, na midomo na taya hucheza kuliko kawaida. Maneno yenye ujumbe hupewa nguvu kuliko maneno madogo ya kuunganisha. Nguvu ya sauti nayo huhama kutoka kwenye mngurumo mzito wa chini kwenda kwenye sehemu ya juu, ambako kelele za injini nyingi huwa pungufu.

Mabadiliko hayo yana faida. Mwaka 1957 watafiti wawili wa Marekani, Dreher na O'Neill, walirekodi watu wakisoma mahali pa kimya, kisha wakisoma huku wakisikia kelele masikioni. Wasikilizaji walisikilizishwa rekodi zote ndani ya kelele, zikiwa zimesawazishwa ziwe na ukubwa mmoja. Maneno yaliyosemwa wakati wa kelele yalieleweka vizuri zaidi. Maana yake ni kwamba mwili unajua kuitengeneza sauti iweze kupenya, mbali na kuikuza.

Kelele hukimbia kuliko sauti

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida, mkiwa mmeachana kwa mita 1, ni kama desibeli 60. Mtu anayepiga kelele kwa nguvu hufika kati ya 80 na 90. Desibeli hazipandi kama kilo kwenye mizani: kila zinapoongezeka 10, sikio huona kama sauti imekuwa kubwa maradufu.

Hapa ndipo mpaka wa kwanza unapoonekana. Kelele ikiongezeka kwa desibeli 10, sauti ya msemaji haiongezeki kwa 10. Mara nyingi huongezeka kwa nusu ya hapo au pungufu. Kadiri mashine inavyonguruma, ndivyo sauti inavyozidi kuachwa nyuma, hata kama msemaji anahisi anajitahidi sana.

Kwenye mkusanyiko mambo huwa mabaya zaidi, kwa sababu kelele yenyewe ni sauti za watu. Katika harusi au mnadani, kundi moja likipaza sauti, kundi la pili hupaza ili lisikike juu yake, na la kwanza hupaza tena. Baada ya saa moja kila mtu ana koo lililokauka na hakuna anayeelewa vizuri kuliko mwanzo.

Mpaka wa pili ni wa kupiga kelele kupita kiasi. Sauti iliyopandishwa kiasi hueleweka vizuri. Ikifika kiwango cha ukelele, hupungua kueleweka, kwa sababu nguvu zote huenda kwenye irabu, na konsonanti huachwa zilivyokuwa. Unasikika kwamba unaita, lakini unachosema hakijulikani.

Sita au tisa?

Kwa sisi tunaotumia Kiswahili, jambo hili lina uzito wake. Silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu, na irabu ndizo sauti zenye nguvu. Kwa hiyo Kiswahili kinasafiri mbali. Lakini kinachotofautisha neno na neno mara nyingi ni konsonanti, na konsonanti kama s, t, f, k na p ni dhaifu. Ni pumzi tu au mlipuko mfupi wa hewa, na kelele huzimeza kwanza.

Chukua namba. "Sita" na "tisa" zina irabu zilezile, i na a, kwa mpangilio uleule. Ukiziondoa s na t, hakuna kinachobaki cha kuzitofautisha. Hali ni hiyohiyo kwa "sitini" na "tisini", na kwa "kumi na sita" na "kumi na tisa". "Thelathini" na "themanini" zinaanza sawa na kuishia sawa. "Nne" na "nane" zinakaribiana mno pale injini inaponguruma.

Sasa ziweke namba hizo mahali zinapotumika. Mkulima anamuuliza jirani aongeze mililita ngapi za dawa kwenye bomba la kupulizia. Mama anauliza mtoto apewe mililita ngapi za dawa ya kikohozi. Mtu anamtajia wakala namba ya simu kwenye stendi ya mabasi. Kati ya sitini na tisini kuna mililita 30, na kati ya thelathini na themanini kuna 50.

Hatari nyingine imo katika ukanushaji wetu. "Umpe" na "usimpe" zinatofautiana kwa silabi moja tu, na silabi hiyo inaanza kwa s. "Unyunyize leo" na "usinyunyize leo" ni maagizo yanayopingana kabisa, lakini upepo ukipita kwenye simu kwa nusu sekunde yanakuwa agizo moja. Hata "kabla ya chakula" na "baada ya chakula" hutegemea konsonanti chache ambazo mvua ya kwenye bati inatosha kuzifuta.

Hapo kupaza sauti hakusaidii, kwa sababu kinachopazwa ni irabu, nazo zilikuwa zikisikika tangu mwanzo. Kinachosaidia ni kubadilisha maneno. Badala ya "themanini", sema "nane sifuri". Baada ya kusema "sita", ongeza "ile inayofuata tano". Baada ya "tisa", ongeza "moja kabla ya kumi". Badala ya "usimpe", sema "marufuku kumpa" au "acha kabisa". Maneno hayo ni marefu zaidi, lakini kelele haiwezi kuyafuta yote.

Ngoma za Kongo na redio za marubani

Njia hiyo ya kurefusha maneno ina historia ndefu. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyeishi kando ya Mto Kongo karibu na Kisangani, alijifunza ngoma za mawasiliano za Walokele na mwaka 1949 akachapisha kitabu juu ya ngoma zinazosema. Ngoma hizo huchongwa kwenye gogo na hutoa sauti mbili, ya juu na ya chini. Hazina irabu wala konsonanti. Zinafuata tu kupanda na kushuka kwa sauti katika maneno ya lugha yao.

Tatizo ni kwamba maneno mengi yana mpando na mshuko uleule. Katika lugha yao, neno la "mwezi" na neno la "kuku" hayatofautiki kwenye ngoma. Kwa hiyo mpiga ngoma hapigi neno moja. Mwezi hutajwa kwa fungu zima la maneno linaloeleza kwamba unaitazama dunia kutoka juu, na kuku hutajwa kwa fungu lake linaloeleza udogo wake na mlio wake. Ujumbe huwa mrefu mara kadhaa kuliko usemi wa kawaida, lakini unafika kilomita nyingi bila kuchanganywa.

Marubani nao wanajua. Wanaozungumza Kiingereza redioni hawasemi "nine" kwa namba tisa. Husema "niner", kwa sababu "nine" na "five", yaani tisa na tano, hufanana kwenye mkwaruzo wa redio. Tofauti na sisi wa sita na tisa ni kwamba wao wamekubaliana mapema.

Pia wana sheria ya kurudia. Mnara ukitoa agizo muhimu, rubani hulirudia lote, na mnara husikiliza kama amelipata sawasawa. Uzito wa sheria hiyo ulionekana tarehe 27 Machi 1977 huko Tenerife, katika visiwa vya Kanari vya Hispania, ndege mbili kubwa zilipogongana kwenye njia ya kurukia penye ukungu na watu 583 wakafa. Miongoni mwa sababu ni kwamba mnara na rubani wa ndege moja walizungumza redioni kwa wakati mmoja. Sauti zao ziligongana zikawa mlio mkali, na waliokuwa wakianza kuruka hawakuyapata maneno ambayo yangewasimamisha. Baada ya ajali hiyo, mkazo wa kutumia maneno maalumu na kurudia maagizo uliongezwa duniani.

Huhitaji kuwa rubani kuitumia njia hii. Ukimtajia mtu kipimo, tarehe ya kliniki au namba, mwambie: "Hebu nirudie nilivyosema." Mwache aseme yeye. Ukimuuliza tu "Umesikia?", atajibu "Ndiyo" hata kama amesikia kitu kingine, kwa sababu anaamini amesikia.

Kwenye simu

Simu huongeza ugumu wake. Kwa miaka mingi mitandao ya simu imepitisha sehemu tu ya sauti ya mtu, kuanzia mitikisiko 300 hadi 3,400 kwa sekunde. Sehemu hiyo inatosha kwa mazungumzo. Lakini nguvu kubwa ya sauti za s na f iko juu ya hapo, kwa hiyo hukatwa njiani. Simu na mitandao mipya hupitisha zaidi, ila si kila simu wala kila mnara. Ndiyo maana jina lisilo la kawaida husikika vibaya kwenye simu hata pakiwa kimya.

Jambo la pili ni sauti yako kukurudia. Mafundi wa simu za mezani walijua zamani kwamba mtu akisikia sauti yake kidogo kwenye kile kipande cha sikioni, huzungumza kwa kiasi. Asipoisikia, hupaza. Akiisikia sana, hushusha. Ni ileile kazi ya masikio kuisimamia sauti.

Jambo la tatu, anayepiga akiwa penye kelele hupaza sauti kwa sababu yeye mwenyewe hasikii vizuri, ingawa maiki ya simu iko karibu na mdomo wake. Akipiga ukelele, maiki huzidiwa na sauti hukwaruza upande wa pili. Ni bora kusema kwa sauti ya kawaida karibu na maiki, kuupa upepo mgongo, na kusogea hatua chache nyuma ya ukuta au mti.

Wanaotupigia studioni husikia tukiwaomba kila mara wapunguze sauti ya redio. Sababu mojawapo ni mlio unaotokea sauti ya redio ikiingia tena kwenye simu. Nyingine inahusu ubongo. Mwaka 1950 Mmarekani Bernard Lee alieleza kwamba mtu akiisikia sauti yake mwenyewe ikiwa imechelewa kidogo, huvuta maneno, hugugumia au hupaza sauti. Kuchelewa kwa takriban sehemu ya tano ya sekunde ndiko kunakovuruga zaidi. Msikilizaji mwenye hoja nzuri anaanza kukwama, na wengine wanadhani ana woga, kumbe ni redio yake iliyo mezani inayomvuruga.

Darasani mvua inaponyesha

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 ulipendekeza kelele darasani isizidi desibeli 35 wakati wa masomo. Wataalamu hutaka pia sauti ya mwalimu iizidi kelele kwa desibeli 15 hivi masikioni mwa mwanafunzi. Darasa la mabati yasiyo na dari, mvua ikinyesha, halikaribii hata kidogo viwango hivyo.

Watoto ndio wanaopoteza zaidi. Mtu mzima akipata nusu ya neno, hujazia kwa uzoefu wake wa lugha. Mtoto anayelisikia neno kwa mara ya kwanza hana cha kujazia. Kelele inayomsumbua mzazi kidogo inaweza kumfungia mtoto somo zima, hasa kama somo linafundishwa kwa lugha ambayo bado anajifunza.

Mwalimu naye hulipa kwa koo. Katika nchi nyingi tafiti zimeonyesha kwamba walimu hupata matatizo ya sauti kuliko watu wa kazi nyingine nyingi. Nyuzi za sauti hugongana mamia ya mara kila sekunde mtu anaposema kwa sauti ya juu, na zikigongana kwa nguvu saa nyingi huvimba. Sauti ikikauka kwa zaidi ya wiki tatu bila kupona, nenda kituo cha afya ukachunguzwe.

Mvua ikizidi, heri kuacha kushindana nayo: andika ubaoni, wape wanafunzi kazi ya kusoma au kuchora, au wasogeze mbele wakuzunguke. Kwa kamati ya shule inayopanga bajeti, dari chini ya bati hupunguza kelele ya mvua kwa kiasi kikubwa, na faida yake inaonekana darasani kila mvua inaponyesha.

Masikio ya mwendesha mashine

Sauti tunayopaza inaweza pia kuwa kipimo. Simama umbali wa mkono mmoja na mwenzako. Kama mnalazimika kupaza sauti ili msikilizane, kelele ya hapo huenda imefika desibeli 85 au zaidi. Wataalamu wa afya kazini hutumia 85 kama mpaka wa kukaa saa 8 kwa siku bila kinga. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda hukatwa nusu: kwa 88 ni saa 4, kwa 91 ni saa 2, kwa 94 ni saa 1, kwa 100 ni dakika 15 tu. Msumeno wa injini, ambao wengi huuita chenso, hupita 100 kwa yule anayeushika.

Seli za ndani ya sikio zinazopokea sauti zikifa haziotoi tena. Za kwanza kuumia kwa kelele ni zinazopokea sauti nyembamba, yaani zile zinazotusaidia kuzipata s, t na f. Ndiyo maana mtu aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mashine husema, "Nakusikia lakini sikuelewi." Anasema kweli. Irabu zinamfikia, konsonanti hazifiki.

Vizibo vya masikio husaidia, lakini vina jambo moja la kufahamu. Anayevaa vizibo huisikia sauti yake ikivuma ndani ya kichwa, huku kelele ya nje ikiwa imepungua, kwa hiyo hushusha sauti bila kujua. Wenzake hawamsikii. Wanaofanya kazi pamoja wakubaliane mapema kwamba mwenye vizibo aongeze sauti kidogo kuliko anavyohisi inafaa, na kwamba kwa mambo ya hatari watumie ishara za mkono: simama, zima, rudi nyuma. Makonda wa mabasi wanalijua hili. Hawamwiti dereva kwa mdomo; hugonga bodi.

Kwa mzee asiyesikia vizuri

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 430 duniani wana upungufu wa kusikia unaohitaji huduma. Wengi wao ni wazee, na wengi huishi wakipigiwa kelele na watu wanaowapenda.

Bibi au babu aliyepoteza sauti nyembamba hasaidiwi na ukelele. Ukelele humletea irabu kubwa zaidi, ambazo tayari alikuwa nazo, na mara nyingine humuumiza masikio. Pia humfanya ahisi anagombezwa. Shikamoo yako itamfikia vizuri zaidi ukikaa mbele yake.

Macho husaidia masikio kuliko tunavyodhani. Mwaka 1954 Sumby na Pollack wa Marekani walionyesha kwamba penye kelele, wasikilizaji wanaouona uso wa msemaji hupata maneno mengi zaidi kuliko wasiouona, na kadiri kelele inavyozidi ndivyo uso unavyozidi kusaidia. Midomo huonyesha p, b, m na f waziwazi. Kwa hiyo kaa mwangani, usifunike mdomo kwa mkono, sema taratibu, na neno lisipoeleweka mara mbili, tafuta neno jingine.

Kwa ufupi: ufanye nini

Sogea karibu. Mahali pa wazi, ukipunguza umbali kwa nusu, sauti inayomfikia mwenzako huongezeka kwa takriban desibeli 6. Hiyo ni sawa na kupanda kutoka sauti ya kawaida hadi sauti iliyopazwa, na koo halichoki.

Punguza kelele kabla ya kuongeza sauti. Zima injini kwa dakika moja, funga dirisha, ondoka kwenye spika.

Onyesha uso wako, na mwangalie mwenzako kuona kama amepata.

Taja namba tarakimu moja moja, na ongeza maneno ya kuthibitisha. Kwa dawa na pesa, andika kwenye karatasi au tuma ujumbe mfupi.

Usitegemee "usi-" peke yake kwenye onyo. Sema "marufuku", "hatari" au "acha kabisa".

Mwombe mwenzako arudie kwa maneno yake. Nawe ukiambiwa jambo muhimu penye kelele, lirudie bila kungoja kuombwa.

Kunywa maji, pumzisha sauti, na vaa kinga ya masikio kama kazi yako ni ya mashine.

Sauti itapanda yenyewe kila kelele itakapoanza, maana mwili umeumbwa hivyo. Inapopanda, ichukue kama taarifa kwamba mahali hapo panameza konsonanti. Kama unalotaka kusema ni kipimo, namba au onyo, sogea kwanza, kisha useme.